Barua ya wazi kwa mabosi wa muvi: hasira zetu mnaziuza vizuri, ila hela mnagawaje?

Kwenu mabosi wa Netflix, wa Disney, wa studio kubwa zote za Hollywood na wenzenu wa Seoul.

Habari za kazi. Mliokula chumvi nyingi shikamooni, wengine mambo. Mimi ni dereva, sio wa teksi wala daladala, ni dereva wa nyumbani kwa mtu, Dar es Salaam huku Masaki, naendesha gari lisilo langu kupeleka watoto wasio wangu kwenye shule ambayo nikitajiwa ada yake ya muhula mmoja huwa nacheka tu. Hii barua naiandika kwenye simu nikiwa ndani ya gari, nimepaki chini ya mwarobaini nasubiri kikao cha bosi kiishe. Kazi yangu sehemu kubwa ndo hiyo, kusubiri, kwahiyo muvi zenu naziangalia sana kuliko mnavyofikiri.

Niseme ukweli mapema tusije kuitana wezi katikati ya barua. Netflix silipii. Kwa bosi kuna wifi na dada wa kazi alinitajia paswedi, ila getini haifiki vizuri, inabidi nikasimame karibu na tangi la maji nimeegemea ukuta hivi ndo vimistari viwili vinakuja. Sasa Parasite, ile muvi ya Kikorea ya familia maskini inayojipenyeza kufanya kazi kwa matajiri, inavyoanza pale, yule kijana na dada ake wanazunguka na simu wameinyoosha juu kutafuta wifi ya watu mpaka wanaikuta chooni, mi nilicheka peke yangu pale kwenye tangi mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Ila kuna sehemu sikucheka. Mliotoa hela ya hiyo muvi mnaijua, ile ya harufu. Tajiri amelala kwenye kochi na mke wake anamwambia dereva wetu mzuri, anajua mipaka, tatizo lake harufu, inavuka mpaka mpaka kiti cha nyuma, na dereva mwenyewe yuko chini ya meza palepale na wanae anasikia kila neno. Halafu kesho yake madamu yuko ndani ya gari anaongea na simu anaziba pua, anashusha kioo.

Mwaka jana kipindi cha mvua madamu wangu alishusha kioo cha nyuma na kiyoyozi kinapiga. Hakusema kitu, ni mama mstaarabu sana yule, hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja. Asubuhi yake nikakuta kwenye kioo cha mbele kimening'inizwa kile kimti cha manukato. Keshokutwa vikawa viwili, kingine kimewekwa nyuma ya kiti changu. Mimi naamka saa 10 alfajiri naoga, natoka Mbagala na daladala mbili, nimesimama nimebanwa na makwapa ya watu na ndoo za samaki, nikifika Masaki saa 12 na nusu ule usafi wangu wote umeshabaki njiani. Kama nisingeiona ile muvi ningesema madamu anapenda tu gari linukie. Sasa nimeiona, na nikiwasha gari kila siku vile vimti vinacheza cheza mbele yangu najua vinasema nini.

Kwahiyo mjue siandiki kuponda muvi. Dairekta wake Bong Joon-ho mi namvulia kofia, Mkorea hajawahi kukanyaga Mbagala kajuaje mambo ya kiti cha nyuma? Mwaka 2019 akabeba tuzo kubwa ya Cannes, Februari 2020 akabeba Oscar nne ikiwemo ya muvi bora, na hapo ndo ilikuwa mara ya kwanza muvi isiyo ya Kiingereza kubeba hiyo. Imetengenezwa kwa kama dola milioni 11 ikaingiza zaidi ya milioni 250. Stahili yake kabisa.

Shida yangu iko kwingine na naomba mnisikilize vizuri.

Zamani mtu akitengeneza muvi ya kusema wenye hela wanatunyonya alikuwa anapata tabu kweli. Charlie Chaplin yule mzee wa kofia na fimbo, mwaka 1936 katoa Modern Times, mfanyakazi wa kiwandani anakaza nati mpaka akili inaruka, wenye kiwanda wanamletea mashine ya kumlisha ili hata muda wa kula usipotee. Siasa zake zikawakera wakubwa, mwaka 1952 ametoka Marekani anaenda Uingereza, huku nyuma wakamfutia kibali cha kurudi. Ile ilikuwa enzi ya kuogopa. Siku hizi hamuogopi chochote, mnatupa sisi muvi ya kuwatukana nyie, tunawatukana kweli, tunapiga makofi, halafu hela ya makofi inakuja kwenu. Sijui nani aliligundua hili dili lakini ana akili mbaya sana.

Na sio kwamba naona kila mwenye hela ni shetani, dunia haiko hivyo. Parasite yenyewe nyuma yake yupo Miky Lee wa CJ, kampuni ya Korea iliyotoa hela, mjukuu wa yule mzee aliyeanzisha Samsung, siku ya Oscar alipanda jukwaani akaongea. Watu walicheka, muvi ya kuponda matajiri inapokelewa tuzo na mjukuu wa Samsung. Ila kumbukeni serikali ya Park Geun-hye, rais wa zamani wa Korea Kusini, ilikuwa na orodha ya siri ya wasanii wasiotakiwa, majina zaidi ya elfu tisa, Bong yumo, na huyo stelingi wake Song Kang-ho yumo. Serikali inambania, hela ya ukoo wa kitajiri inambeba. Nashindwa hapo niseme nini, nasema tu ndivyo ilivyokuwa.

Ninachoona hakina utetezi ni kinachofanyika muvi ikishalipa.

Chukueni Squid Game, ile tamthilia ya Kikorea ya Netflix. Hwang Dong-hyuk kaiandika tangu 2008 na 2009 huko, kaizungusha miaka kumi kila mlango unafungwa, wanasema haina uhalisia, kuna kipindi kafulia mpaka akauza laptop anayoandikia. Wakati wa kushuti msimu wa kwanza stresi ikamng'oa meno sita. Meno! Ikatoka Septemba 2021, chini ya mwezi mmoja nyumba milioni 111 zimeifungua. Karatasi zenu za ndani zilivuja kwa waandishi wa Bloomberg zikaonyesha iligharimu dola milioni 21 na kidogo na nyie mnaihesabia thamani inayokaribia milioni 900. Aliyeiandika kapata nini katika hiyo milioni 900? Alichoandikiwa kwenye mkataba wa mwanzo. Bonasi hakuna. Alivyokuja kuhojiwa akasema wazi msimu wa kwanza haukumpa hela ya maana, na kwamba msimu wa pili utamfidia.

Muvi yenyewe inahusu nini? Watu 456 wana madeni, wanauana kwa ajili ya hela iliyowekwa juu kwenye kibubu kikubwa kinachoonyesha ndani huku matajiri wamevaa vinyago vya dhahabu wanaangalia wanakunywa. Halafu mwenye skripti anarudi kazini msimu wa pili na wa tatu ili afidie wa kwanza. Mi ningekuwa mwandishi nisingethubutu kuandika hivyo, wangesema naitia chumvi.

Bosi wangu naye mwaka juzi alipata tenda kubwa, mimi ndo nilikuwa nampeleka kwenye vile vikao usiku mpaka saa 7, miezi minne mfululizo. Tenda ilipotiki nikapewa kuku. Mzima, wa kienyeji, hai. Nikashukuru kwasababu mkataba ni mkataba, hakuna sehemu imeandikwa tenda ikitiki dereva apate zaidi ya kuku. Kwahiyo Hwang mi namuelewa kabisa anaposema nililipwa kama tulivyoandikishana. Ndivyo mtu anavyosema akiwa hana jingine la kusema.

Na kilichomo mle sio cha kutunga. Gi-hun, yule stelingi namba 456, alifukuzwa kiwanda cha magari, wakagoma, mwenzie akafia mbele yake. Hwang mwenyewe kasema alikuwa anawaza wafanyakazi wa Ssangyong. Mwaka 2009 Ssangyong Motor walitangaza kupunguza watu kama 2,600, wafanyakazi wakajifungia kiwandani Pyeongtaek siku 77 mpaka polisi walipowatoa kwa nguvu, na miaka iliyofuata wafanyakazi na watu wa familia zao zaidi ya thelathini walikufa, wengine kwa kujiua. Na yule Ali wa Pakistani, bosi wa kiwanda kamkalia mshahara wa miezi sita, vidole vimekatika kazini, anaambiwa subiri. Dada yangu aliyefanya kazi za ndani Muscat aliangalia sehemu hiyo na mimi, alinyamaza akaenda kuanua nguo ambazo hata hazijakauka. Yeye ilikuwa miezi mitano, na pasipoti imefungiwa kabatini kwa madamu.

Hayo ndo mnayauza. Hamuuzi stori tu, mnauza mishahara ya watu iliyokaliwa.

Halafu mkaona haitoshi. Netflix mkatengeneza shindano la kweli la Squid Game, watu 456 wa kweli, nguo zilezile za kijani, zawadi dola milioni 4.56. Mkawapeleka Januari 2023, baridi ya Uingereza hiyo, kwenye hanga la zamani la ndege huko Bedfordshire, mkawasimamisha wagande kama sanamu kwa ule mchezo wa mwanasesere, washiriki wakaja kulalamika kwamba walisimama masaa na baridi inawala, wengine waliona wenzao wanaanguka. Nyie mkasema hakuna aliyeumia vibaya, wachache tu walipewa huduma. Sawa, nawaamini. Ila niambieni kitu kimoja, mlivyokaa kwenye kile kikao hakuna hata mmoja, hata yule wa kuleta chai, aliyesema jamani hii muvi si inasema watu wanaofanya hivi ndo maadui? Mmetazama muvi yenu mkaona wale wenye vinyago vya dhahabu ndo mfano wa kuiga.

Seoul nao hivyohivyo. Parasite ilivyobeba tuzo watu wa utalii wa jiji wakatoa ramani ya kutembelea sehemu ilikoshutiwa, njoo uone kile kiduka, njoo uone zile ngazi, na watu wanaoishi pale wakasema wanajisikia kama wanyama wa kuangaliwa zuu, mtu anaanika nguo mgeni anampiga picha. Vile vyumba vya nusu chini ya ardhi wanaita banjiha, ni vya kweli, Seoul nzima vilikuwa zaidi ya laki mbili. Vilianza kama mahandaki ya kujificha vita na Korea Kaskazini ikija, baadaye nyumba zikawa shida vikapangishwa. Kwenye muvi mvua inapiga, familia inashuka ngazi, inashuka, inashuka tena, wanafika maji yamejaa chumba na choo kinarusha. Watu wakasema sinema safi sana ile. Tarehe 8 Agosti 2022 mvua ikapiga Seoul kweli, ndani ya banjiha moja huko Gwanak wakafa mtu na dada ake na mtoto wa kike wa miaka 13, maji yamebana mlango haufunguki. Siku mbili baadaye jiji likatangaza litaanza kuvifuta vyumba hivyo watu wasiishi tena. Oscar nne hazikufanya hivyo, mpaka watu wazame.

Kwenye muvi asubuhi ya mafuriko madamu anasema kwenye simu mvua ya jana baraka, hewa imesafishika. Nami mvua zikipiga Jangwani pakifungwa, nikichelewa kwa kuvua viatu na kuvuka maji, naulizwa kwani hukuangalia hali ya hewa. Hiyo moja naiacha, nisije nikapoteza kazi.

Turudi kwenye hela. Mwaka 2023 waandishi wa skripti Marekani waligoma siku 148, waigizaji wakaungana nao wakafika siku 118. Walikuwa wanaonyesha cheki zao za marudio, yaani malipo ya kazi yao inapoendelea kuonyeshwa, mtu tamthilia yake inaangaliwa dunia nzima yeye kaletewa senti, nasema senti, haifiki dola. Mwezi wa saba katikati ya moto huo bosi wa Disney, Bob Iger, akahojiwa akasema wanachotaka hawa watu hakina uhalisia. Siku moja kabla alikuwa ameongezewa mkataba wake. Na alihojiwa wapi? Sun Valley, Idaho, kwenye ule mkusanyiko wa mabilionea wa kila kiangazi, milima kwa nyuma. Jamani, hata Bong asingeweka mlima.

Na kuna hili moja watu wengi huku hawalijui, The Wolf of Wall Street, muvi ya dalali wa hisa tapeli wa Marekani. Ilitoka mwisho wa 2013, mwezi uliofuata bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku, sababu uchi, matusi, starehe zimepitiliza. Kumbe uchafu wenyewe haukuwa kwenye skrini. Kampuni iliyotoa hela, Red Granite, mwanzilishi wake alikuwa mtoto wa kambo wa waziri mkuu wa Malaysia wa wakati ule, na wizara ya sheria ya Marekani ikasema hela ilitoka kwenye mfuko wa wananchi wa Malaysia, ule wa 1MDB, ulioibiwa mabilioni ya dola. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 60 kumaliza kesi. Yaani muvi ya kumuonyesha mwizi imelipiwa na wizi mkubwa kuliko wa mwizi mwenyewe. Bodi yetu ya jirani ilihesabu matiti tu.

Sasa naomba nini. Mgomo ule ulizaa kitu kimoja kizuri, waandishi walipata kwenye mkataba kwamba kipindi cha kwenye strimu kikiangaliwa na angalau asilimia 20 ya wateja wa Marekani ndani ya siku 90 za kwanza, mwandishi anaongezewa bonasi. Safi. Lakini hiyo ni ya waliomo kwenye chama chao kule. Mkorea aliyeng'oka meno hayumo. Atakayetoka Kinondoni au Nairobi kesho na stori yake hayumo, ataandikishwa hela ya mara moja, muvi ikilipuka dunia nzima atabaki anahojiwa. Waongozaji wa Korea wamekuwa wanadai sheria ya kwao ibadilishwe wapate sehemu yao kila kazi inapoendelea kuchezwa. Nyie hamhitaji kusubiri sheria ya nchi yoyote. Kile kifungu cha asilimia 20 kiingizeni kwenye mikataba yote, lugha zote, nchi zote, na kisiishie kwa mwandishi na dairekta, kimfikie wa taa, wa kupika, wa kufua zile nguo za kijani 456. Na dereva. Kuna mtu anawapeleka mastaa wenu lokesheni alfajiri na hamjawahi kumuuliza ametokea wapi saa hiyo.

Mtasema dereva wa Mbagala asiyelipa hata Netflix anatupangia mikataba. Ndio. Mara ya pili Parasite niliilipia, mia tano, kibanda umiza cha mtaani kwetu, benchi la mbao, spika zinakoroma, DJ anatafsiri. Najua hata hiyo mia tano haikuwafikia, kachukua mwenye kibanda, na DJ kalipwa soda. Nanyi mnaona, ugonjwa hauko kwenu tu. Ila niwasimulie kilichotokea. Yule DJ hanyamazi, anajua kila kitu, anamsema mpaka mbwa. Tulipofika kwenye ile shughuli ya bustanini, asiyeiona aniwie radhi, damu imemwagika, tajiri anataka ufunguo wa gari ulioko chini ya mtu anayekufa, anaziba pua. DJ akanyamaza. Kibanda kizima watu kama arobaini, feni tu inasikika. Halafu nyuma kabisa sauti ya mzee mmoja ikasema "mchome". Hata haijatokea bado kwenye skrini.

Ile sauti ndo bidhaa yenu. Nyie ndo mnaijua bei yake kuliko sisi, maana karatasi zenu zimeshaihesabu mpaka milioni za dola.

Naona mlango umefunguka, kikao kimeisha. Mkitaka kujibu jibuni kwa lugha yoyote, Kiingereza, Kikorea, yule DJ atatutafsiria, ila nawaonya huwa anaongeza na ya kwake.

Dereva, Mbagala